Mkalimani Aliyeletewa Chai

Siku ya kwanza nilipofanya naye kazi nilimtazama tumboni. Alikuwa amesimama kando ya meza yangu, mwembamba, ndani ya buibui jeusi, mikono ameikunja mbele, akasema kwa Kiswahili safi: "Nina mimba ya miezi saba na mtoto hajacheza tangu Ijumaa." Nikainuka kumwelekeza kitandani. Hakucheka. Alinionyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa amekaa mbele yangu muda wote ule.

"Ni yeye, sista. Mimi nasema tu."

Hakulipenda kabisa neno "anasema". Alidai kwamba mkalimani akishalitanguliza, mgonjwa anarudishwa nyuma hatua moja, na muuguzi naye anaanza kumtazama mkalimani badala ya mwenye maumivu. Kwa hiyo alikuwa "mimi" ya kila mtu. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshakuwa bikizee mwenye magoti yaliyovimba, msichana anayeharisha na mama mkwe aliyekasirika. Nilichukua wiki mbili kuzoea.

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Sote zahanatini tulimwita Mkalimani. Wagonjwa walimwita eeddo, yaani shangazi, na mimi aliniita abaayo, dada, ingawa alinizidi kama miaka kumi. Nilifika Garissa kutoka Voi mwanzoni mwa miaka ya tisini, muuguzi kijana ambaye Kisomali chake kiliishia kwenye salamu. Zahanati yetu ilikuwa ya mama na watoto, pembeni mwa mji. Walikuja wenyeji, walikuja wafugaji waliotoka mbali, na kila Jumatano gari letu lilikwenda Ifo kuwahudumia wakimbizi waliovuka mpaka. Bila yeye nilikuwa kiziwi.

Nilimpenda kwanza kwa ukali wake. Akikosa kuelewa hakubabaisha, aliinua kiganja na kusema, "Sijaingia. Sema tena." Mgonjwa alirudia mpaka Mkalimani aingie. Mara moja daktari mgeni alimfokea mama mmoja kwa sababu mtoto hakuletwa mapema. Alifoka dakika nzima. Mkalimani alinyamaza, macho kwenye sakafu.

"Mbona humwambii?" daktari akauliza.

"Nasubiri useme kitu, daktari."

Yule daktari alivua miwani, akaifuta, akaanza upya kwa sauti ya chini. Mkalimani akatafsiri kila neno.

Sokoni alikuwa hivyo hivyo. Wanawake wanaouza maziwa ya ngamia walimwogopa. Alitia tone moja ulimini, akatazama juu kidogo kama mtu anayekumbuka kitu, kisha akamwambia muuzaji, bila hasira, ni kibuyu kipi kilichotiwa maji. Hakukosea hata mara moja.

Sasa, mtu huyu huyu, ukimwuliza anywe soda ya machungwa au ile nyeusi, alijibu, "Yoyote." Ukimwambia achague kiti, "Popote." Idi moja sisi wafanyakazi tulichangishana tukanunua vitambaa, kila mwanamke achukue rangi aipendayo. Alishika kile cha kijani, akakipitisha mkononi, akakirudisha. "Nitakichukua kesho." Kesho yake alichukua cha kahawia. Nikamwuliza kulikoni.

"Amesema kijani kinanizeesha."

Aliyesema ni mumewe. Mumewe huyu naye lazima nimweleze, kwa sababu huwezi kumweleza mmoja ukamwacha mwingine. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mrefu, nadhifu, anayenukia uturi, mwenye sauti laini kuliko mwanamume yeyote niliyewahi kumsikia. Kila siku saa nne alifika getini na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki na vikombe viwili vilivyofunikwa kwa kitambaa. Saa saba alimfuata kwa chakula. Saa kumi alikuja kumchukua. Alipokuwa akimsubiri alitusalimia sisi sote, akatuulizia wazazi wetu kwa majina, akakumbuka kwamba baba yangu anaumwa mgongo.

Tulimwonea Mkalimani wivu. Mpishi alikuwa akisema waziwazi: "Mume wa kukuletea chai kazini! Wangu hata sufuria hajui iko wapi." Mimi nilikuwa na mchumba Voi aliyeniandikia mara mbili kwa mwaka, na nilipoiona ile chupa ya chai niliona mapenzi yalivyo.

Nilianza kudadisi kwa sababu ya karatasi. Nilimkuta siku moja, dakika chache kabla ya saa kumi, ameinama kwenye dawati la dawa akiandika orodha. Nilidhani ni ya wagonjwa. Ilikuwa ya watu aliozungumza nao siku ile, mimi nikiwemo, na kando ya kila jina, mazungumzo yalihusu nini. Mbele ya jina langu aliandika: *sindano za surua, mvua Voi*.

"Ya nini hii?"

"Anapenda kujua siku yangu ilivyokwenda," alisema. "Nikieleza kwa mdomo nasahau, halafu inakuwa neno refu."

Nilicheka. Namkumbuka akinitazama nikicheka, bila kucheka wala kuudhika.

Tangu hapo nilihesabu vitu, kama mtu anayetafuta chanzo cha homa. Saa yake ya mkononi ilikuwa mbele dakika kumi, na ni mumewe aliyeiweka hivyo. Shoga zake wa zamani walipopita zahanatini aliwasalimia kwa haraka, akawaacha. Dada yake wa pekee, aliyekuwa Eastleigh, Nairobi, alikuwa amekata mawasiliano miaka saba. "Alinikasirikia, sijui kwa nini," alisema. Watoto hawakujaaliwa. Mama yake aliishi Modogashe, safari ya saa chache tu kwa lori, na hakuwa amemwona mwaka wa tatu ule.

Kuna jambo nilifanya mimi pia. Dereva wa gari letu alikuwa mcheshi, mzee wa wajukuu. Jumatano moja njiani kutoka Ifo alituigizia jinsi ngamia anavyokataa kupanda lori, na Mkalimani alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Jioni mumewe aliniuliza getini, kwa ile sauti yake ya pole, kama mkewe hakuchoka sana na safari.

"Achoke!" nikamwambia kwa furaha. "Leo dereva ametuvunja mbavu. Mkeo amecheka mpaka machozi."

"Alhamdulillahi," alisema. "Nafurahi kusikia."

Jumatano iliyofuata Mkalimani hakupanda gari. Alisema safari zinamletea kichwa. Hakwenda Ifo tena. Wiki nzima ile alikuwa kama mtu aliyetoka kuugua. Mgonjwa alilazimika kurudia mara tatu kabla hajaingia. Nilipombana sana aliniambia, "Siku ya tisa leo hanisemeshi. Chai analeta. Ananimiminia. Hasemi." Sikuunganisha mambo. Ndiyo, nakiri: nilikuwa na vipande vyote mkononi na sikuviunganisha.

Kisha akaja mwanamke kutoka Eldas, mbali kaskazini. Jamaa zake wa mjini walimleta kwa sababu halali, moyo unamwenda mbio na amekonda. Nilimpima, sikuona homa wala upungufu wa damu. Niliwatoa jamaa nje, nikafunga pazia, tukabaki watatu. Nikamwuliza kama anapigwa nyumbani.

Yule mwanamke alizungumza, na Mkalimani alizungumza nyuma yake kidogo, kama kawaida.

"Mume wangu hanipigi. Hajawahi kuinua mkono. Watu wananiambia nimshukuru Mungu. Nikienda kisimani anahesabu muda. Nikichelewa hagombi, anauliza tu. Anauliza mpaka mimi mwenyewe nashindwa kujua nilikuwa wapi."

Nilikuwa naandika. Sauti ya Mkalimani iliendelea, tulivu.

"Zamani nilikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hizi kabla ya kusema nalipima neno kwa masikio yake, hata akiwa hayupo. Nikinunua nyanya nafikiri atasema nini kuhusu nyanya. Amehamia ndani ya kichwa changu na mimi nimebaki mgeni humo."

Nikainua macho kumtazama mgonjwa, kama nilivyofundishwa. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa akimkodolea macho Mkalimani, naye hakuwa ameelewa hata neno moja la Kiswahili kile.

Mkalimani alipiga hatua moja nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hayo ya mwisho si yake," alisema. "Samahani, sista. Nimeharibu kazi. Futa kuanzia kwenye nyanya."

Sikufuta. Yule mwanamke wa Eldas alimwuliza kitu kwa Kisomali, na Mkalimani akamjibu kwa maneno machache. Baadaye niliuliza walisemezana nini. "Aliniuliza wangu yuko wapi," alisema. "Nikamwambia, anakuja saa kumi."

Siku zile zilizofuata tulizungumza kwa vipande, tukikunja bendeji, tukihesabu chanjo. Nilikuwa na maswali mengi na sikuona haya kuyauliza. Kwa nini asimshitaki kwa wazee?

"Mtu akinipiga nawaonyesha alama. Hii nitawaonyesha nini? Chai?"

Kwa nini asiondoke tu?

"Kwa kipande gani?"

Msomaji aliyekuwa kwetu miaka ile ataelewa. Msomali wa Garissa hakwenda popote bila kitambulisho, yaani kipande, na ile kadi ya pinki ya msajili waliyopewa Wasomali kuthibitisha uraia wao. Kila kizuizi cha polisi waliviuliza vyote viwili, na asiyekuwa navyo alishushwa. Mumewe alivichukua wiki ya arusi, kwa upole, visije vikapotea kwenye pilikapilika. Alivifungia katika kasha la chuma, na ufunguo ulikaa kwake. Mkewe alipotaka kwenda kwa mama yake, yeye alimjibu, "Usijichoshe, nitakupeleka mwenyewe." Miaka mitatu alikuwa anampeleka mwenyewe.

"Hakunifungia mlango hata siku moja," aliniambia. "Aliwafunga watu. Mmoja alikuwa na maneno mengi, mwingine alimtazama vibaya, wa tatu si wa dini. Kila mara nilimwona ana haki kidogo. Nikaja nikageuka nyuma, hakuna mtu."

Lililomfanya aamke ni habari ya mama yake. Mfanyabiashara wa mbuzi alileta salamu kwamba bi mkubwa amelala wiki mbili na anamtaja. Mumewe akasema watakwenda kazi zikipungua ofisini. Asubuhi iliyofuata Mkalimani aliniomba kitu cha kwanza alichowahi kuniomba. Abti wake, kaka ya mama yake, alikuwa akishusha mifugo soko la Garissa kila Jumatano. Yeye hakuweza kwenda. Barua haikufaa, kwa kuwa mzee hasomi. Alinifundisha sentensi moja ya Kisomali, ndefu, akanirudisha mara kumi mpaka nikaikamata kama mtoto wa madrasa.

Jumatano hiyo niliomba nisiende Ifo, nikamkuta abti katikati ya vumbi, mzee mfupi mwenye ndevu za hina, akibishana juu ya fahali. Nikasimama mbele yake, nikaitoa ile sentensi yote kwa pumzi moja.

"Wewe nasema Kisomali kama mtoto ya jana," alisema. "Lakini mimi nasikia. Yeye nabigwa?"

"Hapana, abti."

"Sasa shida gani?"

Nilijua mambo mengi na hakuna hata moja lililofaa kusemwa kati ya ng'ombe. Nikairudia sentensi yangu. Baadaye nilijua maana yake: *Mpwa wako anakualika chai nyumbani kwake Ijumaa baada ya sala, na anaomba usiinuke mpaka uone kitambulisho chake mkononi mwake.*

"Basi," abti akasema. "Mimi nakuja."

Yaliyotokea Ijumaa Mkalimani alinisimulia mwenyewe. Abti alifika na wazee wawili. Mumewe aliwapokea vizuri sana, akatandika mkeka mpya, akachinja. Walipokwisha kula, Mkalimani alitoka jikoni, akasimama mlangoni. Hakulalamika. Alisema mama yake anaumwa na yeye anaomba kipande chake sasa hivi, mbele ya abti.

"Nani amemnyima?" mumewe akasema, akitabasamu. "Ni chake. Ufunguo tu nimeuacha ofisini, na leo Ijumaa."

"Tutasubiri," abti akasema. Akaegemea ukuta, akaomba chai.

Walisubiri. Mumewe alizungumzia malisho, bei ya ng'ombe, barabara. Wazee walijibu, wakanywa, wakaomba tena. Hakuna aliyegusa habari ya ufunguo na hakuna aliyeinuka. Adhana ya alasiri ilipokaribia mumewe alitoka, akarudi na ufunguo baada ya dakika tano, ingawa ofisi yake ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alileta kasha, akalifungua kwa kulielekeza kwake. Abti akanyoosha mkono, akaligeuza.

Kitambulisho kilikuwepo, na kadi, na cheti chake cha shule. Chini yake kulikuwa na fungu la barua lililofungwa kwa uzi, kila bahasha imekatwa juu kwa wembe, vizuri, kama barua za ofisini.

"Hizi ni barua za serikali?" abti akauliza.

Mkalimani alizitambua kutoka pale mlangoni. Ilikuwa hati ya mkono ya dada yake. Miaka saba ya barua. Mumewe akaeleza, na sauti haikubadilika hata kidogo, kwamba dada yule ana maneno ya kuhuzunisha, na yeye alikuwa anamkinga mkewe na huzuni.

Abti hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu. Alizipima zile barua kiganjani kwanza. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Vaa viatu."

Jumamosi asubuhi alikuja zahanatini kuaga, ametokea kwa jamaa za abti mjini. Macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa amesoma barua usiku kucha na bado hajazimaliza. Hapo ndipo vipande vyangu viliungana, nikamwambia kwamba ile habari ya dereva ilitoka kwangu, na mengine mengi bila shaka, miaka yote ile, pale getini.

"Najua," alisema. "Alikutaja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kumjibu. Ungeacha kumjibu, angekuondoa." Alinishika mkono. "Hukujiuliza kwa nini aliniachia wewe, abaayo, na wengine wote aliwafukuza? Ulikuwa unampa habari. Nilikubali. Nilichagua tu nikuambie nini."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyofikiria mambo yangu mwenyewe: kwamba katika miaka ile nilipodhani namchunguza, yeye alikuwa akipima kila neno alilonipa, na bado alinipenda kweli.

Mumewe aliendelea kuja saa nne na chupa ya chai siku kama kumi. Aliketi getini. Hakumtukana mtu. Siku ya mwisho aliniuliza, macho mekundu, "Nilimkosea nini?" na naamini hakujua. Sikumjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kutomjibu.

Nilimwona Mkalimani mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara kila upande. Nilikuwa nimehamishiwa Isiolo, na basi letu lilisimama Modogashe kwa sababu ya tairi. Niliuliza, nikaonyeshwa hoteli ya mabati ambapo madereva wa malori walikula wali na nyama ya mbuzi. Ilikuwa yake na ya dada yake aliyerudi kutoka Nairobi.

Alikuwa amenenepa. Alinikalisha, akaniletea chakula bila kuniuliza. Talaka aliipata kwa kadhi, alisema, ilichukua mwaka na zaidi, na huko pia alilazimika kueleza kitu kisicho na alama mwilini. Alipeleka zile barua. Mumewe alikuwa ameoa tena. Mkalimani alimtafuta yule mke mpya kupitia shangazi zake, akamweleza yote. Msichana alimsikiliza kwa adabu, akamwambia, "Lakini mimi ananipenda." "Nikamwambia nipo Modogashe," Mkalimani alisema. "Sikuongeza. Nami ungeniambia zamani ningekujibu hivyo hivyo."

"Sasa uko salama?"

Alifikiri. "Kuna siku nasimama sokoni sijui nataka nini, nangoja mtu aniambie. Halafu inapita. Na yeye mpaka leo sijamwelewa. Niliishi naye miaka kumi na moja, sijui alikuwa anaogopa nini."

Kabla sijauliza zaidi, kelele ilitoka uani. Ni mama yake, yule bi mkubwa aliyekuwa mahututi, sasa mkongojo mkononi, akimfokea fundi aliyekuwa akichimba msingi wa jiko jipya. Mkalimani aliinuka mbio. Mama alitaka jiko liwe upande wa mashariki. Binti alisema moshi wote utaingia kwa wateja. Mama akasema yeye amepika miaka sitini na anajua upepo. Binti akasema basi apike peke yake. Walipaza sauti wote wawili, mikono hewani, na fundi akaketi juu ya tofali kusubiri. Mama alimwita mkaidi. Binti alimwita mama yake serikali. Mama akaanza kucheka katikati ya hasira, akaendelea kufoka huku akicheka, na binti hakushuka hata kidogo.

Dereva wa basi alipiga honi. Nilisimama mlangoni mwa ua kuaga, nikapunga mkono. Alinipungia haraka, bila kuacha kusema, akaokota kijiti na kuanza kuchora mchangani jiko lilivyotakiwa kukaa.